Saa za Hatari kwa Mama Mja Mzito, na Jinsi Hospitali Inavyomwokoa

Katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionekana kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai, akina mama 355 walifariki kwa ajili ya mimba au uzazi. Wengi wa mama hao hawakuuawa na ugonjwa usiojulikana dawa yake. Dawa zake zajulikana, na nyingi si za bei kubwa. Lililowamaliza ni kuchelewa: kuchelewa nyumbani kabla ya kukata shauri, kuchelewa njiani, na pengine kuchelewa hata baada ya kufika mlangoni pa hospitali.

Wataalamu waliochunguza jambo hili tangu miaka ya 1980 walikadiria muda ambao kila hatari huchukua mpaka kuua, ikiwa mama hakupata msaada wowote. Damu nyingi itokayo baada ya kujifungua huua kwa muda wa saa 2 hivi. Damu itokayo kabla ya kujifungua, saa 12. Mfuko wa uzazi ukipasuka, siku moja. Kifafa cha mimba, siku 2. Uchungu uliozuiliwa, mtoto akiwa hawezi kupita, siku 3. Homa ya uzazi iletwayo na vijidudu, siku 6. Hizo ni hesabu za wastani tu. Yuko anayekufa mapema kuliko hivyo, na yuko anayestahimili zaidi. Lakini ukizitazama utaona wazi kwamba hatari ya saa 2 haiwezi kungoja mume atafutwe alikokwenda, wazee wakutane, fedha zikopwe, ndipo gari liitwe. Mambo hayo hayana budi kuwa yamekwisha malizwa kabla ya mimba kufika mwezi wa tisa.

DAMU BAADA YA KUJIFUNGUA

Tuanze na hatari hii kwa sababu ndiyo ya haraka kupita zote, na ndiyo inayowachukua wengi. Mimba inapokaribia kutimia, mishipa inayolisha mfuko wa uzazi hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Mtoto akiisha kuzaliwa na kondo la nyuma kutoka, mfuko hujikaza kama ngumi, na kule kujikaza ndiko kunakobana mishipa ile. Mfuko ukilegea, mishipa hubaki wazi, na damu hutoka kama maji ya mfereji usiofungwa. Huenda sababu ni uchungu mrefu uliomchosha mama, au mapacha, au kipande cha kondo kilichobaki ndani. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana kabisa. Mama aliyejifungua watoto wanne salama aweza kutokwa na damu kwa huyu wa tano, wala si haki kusema kwamba amerogwa au ametenda kosa.

Wakunga wa hospitali huanza kuzuia hatari hii hata kabla haijatokea, kwa kumchoma mama sindano ya oksitosini mara mtoto anapozaliwa. Dawa hii huukaza mfuko wa uzazi. Inataka kuhifadhiwa mahali pa baridi, na hiyo ni sababu moja iliyofanya iwe taabu kuipata katika zahanati zisizo na umeme. Siku hizi iko pia dawa nyingine ya namna hiyo, kabetosini, ambayo imetengenezwa kustahimili joto.

Damu ikizidi, mkunga hukanda tumbo juu ya mfuko, hutia dawa katika mshipa, na humchoma mama dawa ya kugandisha damu iitwayo asidi ya traneksamiki. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2017, uliofanywa kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo vya kutokwa na damu, hasa ikitolewa katika saa 3 za kwanza. Mkunga huhakikisha pia kwamba kibofu kimetolewa mkojo, maana kibofu kilichojaa huuzuia mfuko kujikaza, na hutazama kama kondo limetoka lote na kama kuna mahali palipochanika. Hayo yakishindikana, huingizwa puto la mpira ndani ya mfuko na kujazwa maji, ili kuibana mishipa kwa ndani. Kupasua tumbo ni kwa mwisho.

Yako mambo mengine ambayo nchi yetu yaweza kujivunia sehemu yake. Kwa miaka mingi wakunga walikisia damu kwa macho tu, na macho hudanganya: damu iliyonywewa na shuka au kumwagika sakafuni huonekana chache kuliko ilivyo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusu wanawake zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizotumia njia mpya, kila mama aliyejifungua aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo, ili damu ionekane ni kiasi gani, na alama ilipofikiwa tiba zote zilitolewa pamoja mara moja, bila kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Wanawake waliopatwa na msiba mkubwa wa damu walipungua kwa kadiri ya 60 kwa mia. Hapakuvumbuliwa dawa mpya hata moja. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kupima kwa kweli na kufanya haraka.

Nyumbani, basi, dalili ni ipi? Kitambaa kikubwa kikilowa chapa chapa kwa muda wa dakika chache, au damu ikitoka kwa mabonge, au mama akiona kizunguzungu, akatoka jasho la baridi, mdomo ukapauka, huo si wakati wa kumpa uji na kumwambia, "Vumilia mwanangu, hata mimi ilinitoka hivyo." Apelekwe. Njiani alazwe, afunikwe asipate baridi, na mtoto awekwe titini kama mama ana nguvu, maana kunyonya kwake husaidia kuukaza mfuko.

KABLA YA MTOTO KUZALIWA

Damu yoyote inayotoka katika miezi ya mwisho ya mimba, hata kama haina maumivu, ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Pengine kondo limetangulia na kuuziba mlango wa uzazi. Katika hali hiyo mtu akiingiza vidole ili apime, aweza kuleta mafuriko ya damu asiyoweza kuyazuia. Pengine kondo limebanduka kabla ya wakati, tumbo likawa gumu kama ubao na kuuma sana, na damu nyingi ikajificha ndani huku nje ikionekana kidogo tu.

Kifafa cha mimba hutanguliwa na presha ya damu iliyopanda. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi baada ya juma la 20 la mimba ni onyo, na kikifika 160 kwa 110 ni hatari kubwa. Mama huumwa na kichwa sana, macho huona giza au vimulimuli, huumwa chini ya kifua upande wa kulia, na uso na mikono huvimba ghafula. Asipotibiwa aweza kuanguka na kutetemeka mwili wote, akapoteza fahamu. Watu wengine hudhani amepagawa, na saa za thamani hupotea kwa kupunga. Akianguka, alazwe kwa ubavu wa kushoto, viondolewe vitu vinavyoweza kumwumiza, wala asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Hospitali humchoma dawa ya magnesiamu salfeti. Uchunguzi wa mwaka 2002, uliohusu wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa nusu hatari ya kupatwa na kifafa kwa mama ambao presha yao imekwisha leta ugonjwa. Wazee watashangaa kusikia kwamba ni chumvi ile ile ya haluli iliyouzwa madukani tangu zamani kwa kufungua tumbo. Lakini asije mtu akamnywesha mgonjwa haluli akidhani amemtibu! Ile ya hospitali ni safi, huchomwa kwa sindano, kwa kipimo, na mgonjwa huangaliwa pumzi zake kila wakati. Na kifafa hiki chaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo mama mwenye presha asiruhusiwe kurudi nyumbani upesi.

Uchungu ukizidi saa 12 bila mtoto kuonekana, zahanati haitoshi tena. Yatakiwa hospitali yenye chumba cha kupasulia. Kichwa cha mtoto kikikwama siku mbili tatu, hukandamiza nyama kati yake na mfupa mpaka zikafa, na mama akiponea hubaki akitokwa na mkojo bila kujizuia. Ugonjwa huo, fistula, hutibika kwa operesheni, lakini wanawake wengi wameishi nao miaka mingi wakijificha kwa aibu wasiyostahili. Tena, dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu ni hatari kweli kweli, kwa kuwa zaweza kuusukuma mfuko uliozuiliwa mpaka ukapasuka. Mama aliyewahi kupasuliwa asijaribu kamwe kujifungulia nyumbani.

Mtoto akiacha kucheza tumboni, au maji yakivunjika kabla ya wakati au yakiwa ya rangi ya kijani, aende siku hiyo. Kiungamwana kikitangulia kutoka, apige magoti na kuinamisha kichwa chini, makalio juu, apelekwe vivyo hivyo.

MAUMIVU YA TUMBO KWA MWANAMKE ASIYEJUA KAMA ANA MIMBA

Hatari nyingine haina tumbo kubwa la kuonekana, na kwa hiyo hudharauliwa. Pengine mimba hutunga nje ya mfuko, mara nyingi katika mrija mmoja kati ya ile miwili inayopitisha yai. Mrija ni mwembamba. Hauwezi kulea mtoto. Baada ya majuma machache hupasuka. Mwanamke huenda amekosa hedhi mara moja tu, au ameona damu kidogo akadhani ndiyo hedhi yenyewe. Huumwa na tumbo upande mmoja, kisha tumbo lote. Akisimama huona kizunguzungu. Wengine huumwa na ncha ya bega, jambo linaloshangaza, lakini sababu yake ni damu iliyomwagika ndani kuugusa ukuta ulio chini ya mapafu. Damu itokayo nje ni chache, hali ndani zimemwagika lita mbili. Mtu kama huyo hupewa dawa ya minyoo au ya malaria, akazimia jioni.

Kwa hiyo yafaa kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu makali ya tumbo apimwe mkojo kuona kama ana mimba, hata kama yeye mwenyewe anakana. Kipimo hicho huchukua dakika chache. Ikionekana mapema, kabla mrija haujapasuka, yaweza kutibiwa kwa sindano. Ikiwa imepasuka, ni operesheni bila kukawia. Daktari wa kwanza kumwokoa mgonjwa wa namna hii kwa kumpasua alikuwa Robert Lawson Tait wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1883. Kabla yake madaktari walisimama wakitazama tu mgonjwa akifa. Waume nao wajue kwamba mke aliyeondolewa mrija mmoja hakuwa tasa, maana mrija wa pili ukiwa mzima aweza kuzaa.

Kifuko cha mayai pia chaweza kujisokota juu ya kikonyo chake, damu isipite. Maumivu huja ghafula, pamoja na kutapika, na daktari ana saa chache za kukifungua kabla hakijafa. Na mimba ikiharibika kwa sababu yoyote, halafu kukawa na homa, maji yenye harufu mbaya na maumivu ya chini ya tumbo, sumu imeanza kuingia katika damu. Mwanamke huyo asijifiche. Aseme kweli yote, pamoja na dawa aliyokunywa au kitu alichofanyiwa, kwa kuwa tiba huchaguliwa kwa kufuata ukweli huo. Hali ni hiyo hiyo kwa mama aliyejifungua akapatwa na homa katika majuma ya kwanza.

Aliyenajisiwa naye ni mgonjwa wa dharura. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya siku 5. Kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Aende hospitali kabla ya kuoga, akiwa na nguo alizovaa, wala asingoje kwanza barua ya polisi.

MLANGONI PA HOSPITALI

Watu huogopa hospitali kwa sababu hawajui wanayofanyiwa. Mgonjwa wa damu au kifafa hafuati foleni. Jamaa waseme kwa sauti, "Huyu ana mimba na anatokwa na damu," naye ahudumiwe kwanza. Wauguzi watampima mapigo ya moyo, presha na pumzi, watatia sindano za maji katika mishipa ya mikono yote miwili, watatoa damu kidogo kujua ni ya kundi gani, watatia mpira wa mkojo, na huenda wakatazama tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo haiumizi. Wataacha kumpa chakula na maji. Huo si ukatili. Mtu anayelazwa kwa nusukaputi akiwa ameshiba aweza kutapika na chakula kikaingia mapafuni.

Ataulizwa siku ya hedhi ya mwisho, amezaa mara ngapi, amewahi kupasuliwa au la. Kwa hiyo kitabu cha mama na mtoto alichopewa kliniki kisiachwe nyumbani hata kama mengine yote yamesahauliwa. Operesheni ikitakiwa, mwanamke mtu mzima mwenye fahamu ndiye anayetoa idhini ya mwili wake. Hapana haja ya kungoja sahihi ya mume aliye Mombasa. Akiwa hana fahamu na kuna hatari ya kifo, daktari hatakiwi kusimama akingoja.

Kuhusu damu ya kuongezewa, wengi hukosea. Damu ya ndugu haitolewi mkononi mwake na kutiwa kwa mgonjwa papo hapo. Lazima ipimwe magonjwa kwanza. Mgonjwa hupewa iliyokwisha kuwekwa akiba, na ya ndugu hujaza pengo kwa ajili ya mwingine. Akiba ikiwa tupu, hata daktari mwenye ujuzi mwingi hana la kufanya, na ndiyo maana yafaa ndugu wawili au watatu wenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi wafuatane na mgonjwa, au, vizuri zaidi, wawe wametoa damu mapema. Mwanamke ambaye damu yake ni ya kundi lenye alama ya kutoa, ambao ni wachache hapa kwetu, aulizie sindano ya kumlinda mtoto atakayefuata. Huhitajiwa baada ya kujifungua, na pia baada ya mimba kuharibika au kutunga nje.

Na gharama? Juni 1, 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilishika mahali pa NHIF. Yafaa mama ajiandikishe mapema, tumbo lingali dogo. Lakini katika dharura fedha hazitangulii tiba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaweka adhabu kwa hospitali inayoweza kutibu ikakataa. Maana ya tiba hiyo ni pamoja na kumtuliza mgonjwa na kumpeleka kwenye hospitali kubwa zaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua pia kwamba kuwazuilia wodini akina mama walioshindwa kulipa ni kinyume cha haki. Hatusemi kwamba sheria hizi hufuatwa kila mahali. Wauguzi ni wachache, vitanda vimejaa, na gari la wagonjwa pengine halina mafuta. Lakini mtu anayejua haki yake husema kwa uthabiti mbele ya dirisha la malipo.

Basi jamaa wakae pamoja mimba ingali ya miezi sita, wakubaliane mambo machache: ni hospitali gani yenye chumba cha kupasulia iliyo karibu, ni nani mwenye gari au pikipiki anayekubali kuamshwa usiku, na simu yake iandikwe ukutani, ni fedha gani zitakazowekwa zisiguswe, ni nani atakayebaki na watoto, na ni nani mwenye ruhusa ya kusema "Twende" mume asipokuwapo. Jibu la swali hili la mwisho liwe ni mama mwenyewe, au yeyote aliye karibu naye. Wakaao mbali sana, kama katika sehemu za Turkana, Marsabit au Tana River ambako mvua hukata barabara, ni heri mama ahamie karibu na hospitali majuma mawili kabla ya siku zake. Mahali pengine zimejengwa nyumba za kungojea kwa kusudi hilo.

Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, atapewa barua inayoeleza alivyotibiwa, na kama alipasuliwa, jinsi mfuko ulivyokatwa. Barua hiyo iwekwe pamoja na kitambulisho, mahali pasipofikiwa na mvua wala watoto, kwa kuwa mkunga ataitaka siku mimba nyingine itakaposhika.